Mkuu Asiyesikia la Wadogo

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu wakuu na wakuu wa shule)



Iko methali ambayo hapana mwalimu katika nchi hii asiyepata kuiandika ubaoni: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Watoto huikariri, huitungia sentensi, na huelezwa kwamba maana yake ni utii. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini yafaa isomwe pande zote mbili. Yuko mtoto asiyesikia la mkuu, na yuko mkuu asiyesikia la wadogo. Wa kwanza huvunjika guu lake mwenyewe. Wa pili akianguka, huanguka na shule nzima: watoto wanaoshinda na njaa, wasichana wasiorudi darasani, na madarasa yaliyoanza kwa nguvu za wananchi yakabaki magofu kwa sababu wananchi hao wamechoka kuitwa.

Mazungumzo haya yanamhusu huyo wa pili. Na jambo linalosemwa hapa ni moja. Kuitisha mkutano si kusikiliza. Kunyamaza wakati mzazi anasema si kusikiliza. Kiongozi wa shule amesikiliza pale tu ambapo neno la mwananchi limeandikwa, limefikiriwa, na limerudishiwa jibu, hata kama jibu lenyewe ni hapana.

MJENZI ALIYEGEUZWA MGENI

Shule ya nchi hii haikushuka kama mvua. Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, isiwe kisiwa cha wasomi katikati ya bahari ya wakulima. Miaka hiyohiyo ya 1960, kule Litowa katika wilaya ya Songea, ilikuwako shule iliyoendeshwa pamoja na vijiji vya Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, ambaye mwaka 1968 aliandika maelezo ya jaribio hilo. Jumuiya ilivunjwa mwaka 1969 kwa uamuzi wa TANU, na uamuzi huo ungali unajadiliwa na wanahistoria. Lakini funzo la shule ile halikuvunjika. Mwaka 1971, wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Korogwe walianzisha jaribio jingine la shule ya jumuiya katika kijiji cha Kwamsisi, wilaya ya Handeni. Huko nako nia ilikuwa kuanza na maisha ya kijiji chenyewe na kuyaingiza katika masomo, badala ya kuja na masomo na kukitaka kijiji kiyafuate.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Nani aliyeyajenga madarasa ya kuwapokea watoto hao? Ni wananchi waliofyatua matofali, waliokata miti, na akina mama waliosomba maji na mchanga vichwani. Miaka thelathini baadaye, zilipojengwa sekondari za kata katikati ya miaka ya 2000, mikono ilikuwa ni ileile.

Hapo ndipo penye jambo la kusikitisha. Aghalabu mwananchi huwa mwenye shule mpaka siku ya kuezeka. Bati likishapigiliwa, huwa mgeni. Akifika hukaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka aitwe, na akiitwa husimama. Mzee wa miaka sabini aliyechimba msingi wa darasa hilo huulizwa na kijana wa miaka thelathini, "Unasemaje?" kabla hata ya shikamoo. Huo ni ubwana. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ulikemea tabia za namna hiyo kwa viongozi, na haukumtenga mwalimu.

SWALI LILILOJIBIWA VISIVYO

Yafaa historia isomwe kwa ukweli. Katika miaka ya 1970, mzazi aliponung'unika kwamba mwanawe anashika jembe kuliko kalamu, mara nyingi alijibiwa kwamba ana kasumba ya kikoloni. Wapo waliokuwa nayo kweli, waliotaka elimu iwe ngazi ya kuukimbia ukulima. Lakini wengine walikuwa wakisema jambo jingine kabisa. Walisema kwamba mtoto analima shamba la shule kwa njia ileile ya babu yake, hajifunzi lolote ambalo hakulijua nyumbani, na mavuno yakishauzwa hapana ajuaye fedha zimekwenda wapi. Hayo yalikuwa maswali mawili halali, moja la elimu na jingine la hesabu. Yote mawili yalijibiwa kama maswali ya siasa.

Matokeo yake yanajulikana. Wazo zuri la kuunganisha kazi na masomo lilidhoofika katika shule nyingi, likabaki kuwa jina zuri la adhabu. Halikushindwa na maadui peke yao. Lilishindwa pia na marafiki ambao hawakusikia kilichokuwa kikisemwa.

KALAMU YA KATIBU

Kwa utaratibu wa shule za msingi, mwenyekiti wa kamati ya shule hutoka kwa wananchi, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Wengi huuona ukatibu huo kuwa kazi ndogo. Kwa hakika ndio wenye nguvu zote, kwa kuwa katibu ndiye mwenye kalamu. Yeye ndiye aandikaye ajenda kabla ya kikao na muhtasari baada yake. Lililoandikwa huwa limesemwa. Lisiloandikwa huwa halikusemwa, hata kama lilisemwa na watu ishirini.

Chukua muhtasari wowote wa kikao cha wazazi na uutazame. Utasoma kwamba mwalimu mkuu alifungua kikao, akatoa taarifa, na kwamba "wajumbe walichangia kwa kina na kukubaliana". Walichangia nini? Nani alipinga, na kwa sababu gani? Mama yule aliyesimama nyuma, mwenye mtoto mgongoni, akauliza habari ya choo cha wasichana, neno lake liko wapi? Halimo. Basi kikao kijacho mama huyo hatakuja, na mwalimu mkuu atamwandikia Afisa Elimu Kata kwamba wazazi wa kijiji hiki hawana mwamko.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulizipa kamati za shule madaraka makubwa ya kupanga na kusimamia fedha. Halafu, Januari 2016, ulipoanza utekelezaji wa elimu bila ada, iliwekwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Kati ya hizo, shilingi 6,000 zilikusudiwa kwenda moja kwa moja katika akaunti ya shule, na 4,000 kubaki kwa ajili ya vitabu. Sasa tazama jinsi uvumi unavyozaliwa. Mzazi mwenye watoto wawili katika shule ya wanafunzi 600 husikia redioni habari ya shilingi 10,000. Hupiga hesabu yake na kupata milioni 6. Hutazama shule, huona bati linavuja na chaki hakuna. Akiuliza, huambiwa kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Lakini katika akaunti ya shule hesabu ilikuwa ni milioni 3.6, na milioni 2.4 ilikuwa ya vitabu. Jibu lilikuwapo, tena safi, nalo lingeandikwa kwa mkono kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani. Kwa kuwa halikutolewa, mwalimu mwaminifu akaitwa mwizi.

DEBE LA MAHINDI

Hebu ufikiriwe mfano mmoja. Si wa shule fulani, lakini walimu wakuu wengi watautambua.

Shule iko katika nyanda kame za katikati ya nchi. Kamati imeamua kwamba kila mzazi atoe debe la mahindi, kilo chache za maharage na fedha kidogo ya mpishi, ili watoto wapate chakula cha mchana. Uamuzi ni mzuri, kwani mtoto mwenye njaa hasikii hata sauti ya mwalimu, sembuse maana yake. Barua zinapelekwa na watoto mwezi Januari. Mwisho wa Februari wameleta wazazi wasiofika nusu. Mwalimu mkuu anakasirika. Anaandika barua ya pili yenye maneno makali. Anamwomba Mtendaji wa Kijiji awaite wakaidi. Watoto wa wasiotoa wanaanza kutajwa majina mstarini asubuhi, na mahudhurio yanashuka.

Halafu jioni moja mwalimu mkuu huyo anapita kwa mzee wa jirani. Anaamkia kwa heshima, anakaa kigodani, na hazungumzi habari ya mchango. Anauliza tu habari za shamba. Katika maneno ya kawaida anasikia mambo matatu. La kwanza, Januari na Februari ndiyo miezi ambayo ghala huwa tupu, kwa kuwa mavuno katika nyanda hizo ni Mei na Juni. Anayedaiwa debe mwezi Februari hana budi kulinunua sokoni wakati bei iko juu kuliko wakati wote wa mwaka. La pili, watu wa hapo huvuna uwele na mtama kuliko mahindi. Hapana aliyewaambia kwamba mtama utapokelewa. La tatu, ambalo mzee alilisema akitazama pembeni, ni kwamba mwaka uliopita shule ilifungwa yakiwa yamebaki magunia, na mpaka leo wazazi hawajaambiwa magunia hayo yalikwenda wapi.

Mzazi aliyeitwa mkaidi alikuwa na sababu tatu, na zote tatu zilikuwa za akili. Zote pia zilikuwa na dawa: mchango ukusanywe baada ya mavuno, kila mtu alete nafaka aliyoivuna, na kitabu cha stoo kisomwe mbele ya wazazi kila muhula. Dawa hizo hazikuhitaji shilingi moja ya serikali. Zilihitaji mtu wa kuketi kigodani.

Yafaa ikumbukwe kwamba elimu bila ada haikuufuta wajibu wa mzazi kuhusu sare, madaftari na chakula cha mwanawe. Lakini haikumpa kiongozi yeyote wa shule ruhusa ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa kuwa mzazi wake hakuchangia. Anayemwadhibu mtoto kwa deni la baba yake hatalipwa deni hilo. Atakachopata ni kumpoteza mtoto.

WASIOSEMA MKUTANONI

Kosa jingine la viongozi wa shule ni kudhani kwamba waliosema ndio jamii. Mkutanoni husema wanaume wenye sauti, wafanyabiashara, na wale waliozoea mikutano. Anayenyamaza ni nani? Ni bibi anayelea wajukuu wanne walioachwa na wazazi wao. Ni mfugaji ambaye Kiswahili cha ofisini humkwaza, akisikia "ruzuku ya uendeshaji" huitikia kwa kichwa tu. Ni mama ambaye mumewe yuko hapo hapo mkutanoni. Ni mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, anayeona haya. Ni kibarua ambaye mkutano wa saa nne asubuhi, siku ya kazi, katika msimu wa palizi, maana yake ni kukosa ujira wa siku.

Hawa hawana budi kufuatwa. Shule iliyoweka mkutano siku ya mnada imeamua kutowasikia. Shule inayoandika barua peke yake katika kijiji ambako watu wazima wengi hawasomi imeamua vivyo hivyo. Na shule ambayo barua yake ikifika mzazi huuliza kwanza "ni shilingi ngapi?" imewafundisha watu wake kwamba wito wa shule ni wito wa fedha. Mwalimu mkuu atume barua moja tu kwa mwaka ya kumsifu mtoto aliyeendelea vizuri, au ya kuomba shauri bila kuomba shilingi, kisha aone barua inayofuata itapokewa vipi.

Hapa pana jambo zito kuliko mahindi. Novemba 2021, serikali ilifungua mlango kwa wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi katika shule za kawaida. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini waraka hauna miguu. Hauwezi kutembea mpaka kwenye nyumba ambamo msichana amejificha, baba yake hasemi naye, na mama yake hajui amwachie nani mtoto mchanga. Ni kiongozi wa shule, au mwalimu wa kike aliyetumwa naye, awezaye kufika hapo, akasikiliza kwanza hofu ya mama huyo kabla ya kusoma masharti. Akifika na fomu mkononi, ataambiwa kwamba msichana amesafiri.

KUSIKILIZA SI KUTII

Yatakuwapo maswali. Je, kila asemalo mwananchi lifuatwe? Hasha. Wako wazazi wanaotaka binti aachishwe shule aolewe. Wako wanaomnong'oneza mtoto aandike majibu ya makosa katika mtihani wa darasa la saba, asichaguliwe, ili gharama za sekondari zisiwaangukie. Kiongozi wa shule akiyakubali hayo atakuwa amemsaliti mtoto na kuvunja sheria za nchi.

Lakini hata hapo lipo la kusikia. Mzazi anayetaka mwanawe ashindwe mtihani anasema kitu: pengine sekondari iko kilomita nyingi na hapana bweni, pengine msichana atalazimika kupanga chumba mjini peke yake, na baba anajua yatakayomkuta, pengine kaka yake alimaliza kidato cha nne na amerudi kukaa kijiweni. Kukataa ombi la mzazi ni wajibu. Kutoijua sababu yake ni uzembe. Kiongozi aliyekataa ombi na kuishughulikia sababu hujipatia rafiki. Aliyekataa na kutukana hujipatia adui, na mtoto atafeli vilevile.

Wala isidhaniwe kwamba kusikiliza kunapunguza heshima ya cheo. Mwalimu mkuu anayesema mbele ya wazazi, "Hapa tulikosea, na kuanzia muhula ujao tutafanya hivi," hushangaza kwa siku moja na huheshimiwa kwa miaka kumi.

NA WALIO JUU JE?

Lingekuwa kosa kubwa kumaliza mazungumzo haya bila kusema la upande wa pili. Mwalimu mkuu ni mtu wa kati. Kutoka juu humjia maagizo: takwimu hizi ziletwe kesho, madawati yapatikane mwezi huu, madarasa yakamilike kabla ya ziara ya kiongozi. Mara nyingine agizo hufika jioni na jibu latakiwa asubuhi. Mtu aliyepewa usiku mmoja atawasikiliza wananchi saa ngapi? Hana njia ila kuamuru kama alivyoamriwa.

Kwa hiyo maofisa wa kata, wa wilaya na wa mkoa, pamoja na viongozi wa Chama na wa serikali, nao wajiulize: mwalimu mkuu aliposema kwamba lengo hili halitekelezeki katika msimu wa njaa, alijibiwa nini? Aliyesema ukweli alisikilizwa, au aliandikiwa barua ya onyo na yule aliyeleta takwimu za kupendeza akasifiwa? Tabia ya kutosikiliza huteremka ngazi kwa ngazi kama maji ya paa. Bomba likiwa na kutu juu, chini hayatoki maji safi.

YA KUANZA NAYO

Ndugu walimu wakuu, kusikiliza hakungoji semina wala fungu la fedha. Pana mambo manne ambayo kila shule yaweza kuyaanza muhula huu. Kwanza, katibu wa kamati awe na daftari lenye safu tatu: lililosemwa, aliyepewa kulishughulikia, na jibu lililorudishwa, na kila kikao kianze kwa kulisoma daftari hilo kabla ya ajenda mpya. Pili, mapato na matumizi yabandikwe ukutani kwa lugha ambayo mkulima ataielewa, na yasomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma. Tatu, saa na siku ya mkutano zipangwe na wazazi wenyewe, kwa kufuata kalenda ya shamba na ya mnada. Nne, kila wiki kiongozi wa shule, au mwalimu mmoja kwa niaba yake, aitembelee nyumba moja ambayo haikusema neno mkutanoni, aende bila barua na bila deni.

Nyumba moja kwa wiki ni jambo dogo. Lakini kwa mwaka wa masomo zitakuwa karibu nyumba arobaini, na katika nyumba arobaini hapana siri ya kijiji itakayobaki haijulikani: nani analala njaa, nani anachunga ng'ombe siku za masomo, nani ameahidiwa mume, na magunia ya mwaka jana yalikwenda wapi.

Shule ni mali ya waliochimba msingi wake. Mwalimu mkuu wa leo atahamishwa. Pengine mwakani, pengine baada ya miaka mitano. Wananchi hawahamishwi. Watabaki na jengo lile, na watoto wale, na kumbukumbu ya yule aliyewasikia na yule ambaye hakuwasikia. Methali itaendelea kuandikwa ubaoni. Ni juu ya mkuu kuhakikisha kwamba mtoto anayeikariri haoni, kupitia dirishani, baba yake akiwa amesimama nje ya mlango wa ofisi akisubiri kusikilizwa.